Maua ya Tangawizi Pori

Kila nikimenya tangawizi, katika mji wowote nilipopanga chumba, namkumbuka bibi kule Songea. Alikuwa mgonjwa, hali chakula, akatamani maua ya tangawizi pori yaliyochomoza na mvua za kwanza. Nikamletea mmea mzima, na mizizi yake.

"We mke mwenzangu, mbona umeng'oa na ya mwakani?"

"Nilitaka kuona ua linatokea wapi, bibi."

Akacheka mpaka akakohoa. Akala ua moja taratibu, lingine akanilisha. Lilikuwa laini, na ukali kidogo. Kisha akajikongoja nje, akaufukia mzizi chini ya dirisha lake.

"Mwakani utanichumia hapa hapa."

Maua yalipochanua mwaka uliofuata, dirisha la bibi lilikuwa limefungwa. Nilichuma mawili, nikala moja, lingine nikaliweka dirishani. Mizizi sikuigusa.