Mipira Mitano ya Ndengu

Mwaka ule unga ulipopanda bei, ploti yetu hapa kijiji cha Raila, Kibera, tulikula githeri ya mahindi na maharagwe asubuhi na githeri jioni, na siku mbaya tulikula sukuma wiki peke yake tukaiita supper. Kwangu ndengu zilikuwepo, lakini nilikuwa nimezishonea ndani ya soksi. Mjukuu wangu Mwende yuko kwa kikundi cha shule cha kurusha na kudaka mipira mingi kwa zamu bila kuiangusha, na mipira nilimshonea mimi: soksi za mitumba za soko la Toi, ndengu za shamba la dada yangu Kitui.

"Mama Musyoka, mnarusha supper juu sisi tukiangalia," jirani yangu Mama Achieng akaniambia. "Pasua hata moja tupike."

"Hizo hazipikwi, hata tukilala njaa."

Kikundi kikaitwa kuchezea wazee kwenye makao yao Kawangware. Mwende ndiye wa kufunga show, kwa mipira mitano. Shuleni mpira mmoja ulikuwa umepasukia hewani, yote ikaanguka, na mwalimu akasema ikianguka tena atampa mwingine nafasi hiyo.

"Shosh, kuja na sindano," Mwende akaniomba. Nikaenda.

Asubuhi tulitoka kwa miguu. Toi wenye mitumba walikuwa bado wanatundika nguo. Watoto walirusha mipira wakitembea, makanga wakiwapigia miluzi. Karibu na Riruta goti langu likagoma, Mwende akanishika mkono mpaka tukafika.

Kawangware tulikuta wazee wamepangwa uani, blanketi magotini, wengine wanakoroma. Watoto wakacheza, makofi yakawa ya huruma. Kwa kutaka kuwaamsha, Mwende akafanya kosa: alimpa nyanya mmoja mpira ashike. Jina lake Kalunde, haoni vizuri, na mhudumu alituambia siku nyingi hajainua hata kijiko mwenyewe.

Kalunde akaufinya. Akaunusa. Akautikisa sikioni.

"Hii ni ndengu ya kwetu Kitui. Nani ameleta?"

"Ni mimi, mama," nikamjibu.

"Basi nipikie. Hapa ni uji, uji, uji."

Mhudumu akamvuta vidole, lakini wapi, hakuuachia. Mwalimu akaangalia saa. Mwende alibaki na minne, akinitazama mimi.

Nikachuchumaa, goti na kelele zake, nikamwambia Kalunde kwa Kikamba kwamba huo ni wa tano, na bila huo msichana ataaibika.

"Msichana wa nani?"

"Wangu."

"Mwambie aanze."

Mwende akaanza na minne. "Susu, nirushie," akaita, akimwita nyanya kwa Kikamba. Mkono wa Kalunde ukapanda polepole, ukarusha. Mpira ukaenda kombo kabisa. Mwende akaruka kwa mguu mmoja akaudaka, na mitano ikazunguka juu ya kichwa chake mpaka waliolala wakaamka. Mwalimu alipiga makofi kuliko wazee. Mimi nililia, sikatai.

Jioni tukiaga, Kalunde alinishika leso. Njia yote ya kuja nilidhani nimeshona kitu cha mtoto kuchezea tu. Kumbe mtu anaweza kukifinya akafika kwao Kitui bila kuondoka kwa kiti.

"Mchezo umeisha," akasema. "Sasa nipikie."

Nikamwahidi dada akituma zingine nitamletea sufuria nzima, na vitunguu.

"Na hizi za leo?"

"Hizo hazipikwi, hata tukilala njaa."