Kaindi wa Sukuma Akataa Kusubiri

Kwa miaka tisa Kaindi alikuwa msaidizi katika shule ya chekechea mtaani Jamhuri. Alipangusa makamasi, akaimbisha watoto, na mwalimu asipofika alifundisha herufi mwenyewe, tena vizuri. Kisha mwenye shule akataka walimu wenye vyeti tu, na Kaindi akajikuta sokoni Kangemi akikatakata sukuma wiki. Hakukaa kujililia. Chuo cha ualimu kule mjini kilitaka angalau C ya Kiingereza katika mtihani wa kidato cha nne, basi akajiunga na darasa la watu wazima akiwa na miaka arobaini na minne na goti linalomuuma.

Mwezi wa pili, kabla ya majina ya watahiniwa kupelekwa kwa baraza la mitihani, mwalimu Wahome aliwapa jaribio la kutofautisha kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Kaindi alipata tatu kwa ishirini. Kila alipoona "was" aliandika kutendwa bila kusita, hata kwenye "Maina was sleeping", kana kwamba Maina alilazwa kwa nguvu. Wahome si mtu mbaya, tuseme ukweli. Alimwita kando na kumshauri kwa upole asubiri mwaka ujao. Upole huo ulimchoma Kaindi kuliko matusi. Kesho yake alijisajili kwa mtihani.

Karatasi ile aliibandika kwenye nguzo ya kibanda chake, kila mtu aione. Veronicah, msichana wa kidato cha tatu aliyekuja kununua mboga, aliisoma akacheka, kisha akaona haya.

"Mathe, achana na hiyo 'was'," alisema. "Jiulize tu nani anafanya na nani anafanyiwa. Saa hii nani anakata?"

"Mimi."

"Na nani anakatwa?"

"Sukuma. Na wewe pia, ukiendelea kunicheka."

Tangu siku hiyo kila mteja alitakiwa kuja na sentensi moja ya Kiingereza. Kaindi alipaswa kusema ni kauli gani, kisha aigeuze, kabla fungu halijaisha kukatwa. Akikosea, mteja alipata nyongeza ya konzi nzima ya mboga. Wacha watu wapange foleni! Watu wazima na akili zao walileta sentensi ndefu za magazetini ili kumtega, na wengi waliondoka na mifuko imefura. Kaindi aliumia, akakata, akauliza tena nani anafanya. Kufikia Agosti wateja walikuwa wakinung'unika kwamba mama huyu amekuwa mchoyo.

Matokeo yalitoka Januari. Kiingereza, C ya kujumlisha, hata zaidi ya ile iliyotakiwa na chuo. Kaindi alilia mbele ya soko zima, kisu mkononi, wala hakujificha.

Mwezi uliofuata Wahome alifika kibandani. Alimpongeza, akanunua mboga, akazungukazunguka na maneno. Mwishowe akakiri kwamba darasa jipya limekwama palepale kwenye kutenda na kutendwa, akamwomba aje Alhamisi awaonyeshe alivyofanya.

"Kuna uliowaambia wasubiri mwaka ujao?" Kaindi aliuliza.

Mwalimu aliangalia viatu vyake. "Wawili."

"Wakalishe mbele, mwalimu. Nakuja."