Mtaa Uliompa Kisogo Mwalimu Benadetha

Mwalimu Benadetha alifundisha Kiingereza miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi Rasbura, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mtaani walimpenda. Harusi ikija, aliitwa kumenya vitunguu. Mtoto akifeli, aliletwa kwake. Yote hayo yalikoma siku aliyosimama mahakamani na kueleza alichokiona kwa macho yake: jirani yake Abilahi akimpiga mkewe Mastura kwa mchi, mpaka mkono ukavunjika.

Abilahi alikuwa mtu wa watu. Msiba ukitokea, yeye ndiye wa kwanza kushika jembe makaburini. Mastura mwenyewe aliiambia mahakama kwamba aliteleza uani. Hakimu alimwamini mwalimu, Abilahi akafungwa.

Hakuna aliyemtukana Benadetha. Ila msibani, alipoketi mkekani, wanawake walijisogeza kidogo kidogo mpaka akabaki peke yake upande mmoja. Kadi za harusi zilipita mlangoni kwake zikaenda nyumba ya pili. Wanafunzi wa tuisheni wakapungua, akabaki Naima tu, ambaye alikuwa ameolewa na akirudia mtihani wa kidato cha nne.

Alasiri moja Naima alikuja na karatasi ya mtihani wa zamani, akaweka kidole juu ya neno. "Hili sijawahi hata kulisikia, mwalimu."

Lilikuwa "discountenance". Benadetha alivaa miwani.

"Ni kumwonyesha mtu kwamba hukubali alichofanya."

"Kama kukemea?"

"Anayekemea hufungua mdomo. Anayeshutumu pia, anayelaani pia. Hili halina kelele. Ndani yake kuna uso, uso ambao mtu ananyimwa." Akafikiri kidogo. "Ni kumpa mtu kisogo."

Naima aliacha kuandika.

"Ndivyo tunavyokufanyia," akasema.

"Andika sentensi ya mfano."

"Mwalimu, mama mkwe amenikataza kuja. Anasema namtia aibu mtaani. Leo nimetoroka tu."

Benadetha alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. "Basi tumalize ukurasa huu."

Walimaliza. Naima akatokea mlango wa uani, akachungulia njia kwanza.

Tangu siku hiyo alasiri zikawa ndefu. Benadetha alipika wali wa mtu mmoja na kuwasha redio, ili nyumba isikike ina watu.

Asubuhi moja bombani ndoo yake ilijaa, akatazama huku na huku apate wa kumtwisha. Wanawake wakashughulika na madumu yao. Mastura akatoka kwenye foleni, mkono wake wa kushoto umepinda, akaishika ndoo upande mmoja, wakaiinua pamoja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mkono unaendeleaje?"

"Baridi ikija unauma." Akashusha sauti. "Mimi nisingeweza kusema. Nina watoto, na yule ndiye baba yao."

"Najua."

"Akitoka sitakusalimia tena."

"Hilo nalo nalijua."

Mastura akarudi kwenye foleni na kukuta nafasi yake imeshazibwa, akaenda kusimama nyuma ya wote. Benadetha akashika njia ya nyumbani taratibu, maji yakimdondokea begani, akipita mlango baada ya mlango bila mtu kumuuliza ameamkaje.