Likizo ya Anjelina

Anjelina Mazengo alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa Kheiria na mumewe Sinan, huko Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa jiji la Muscat. Asili ya familia ile ni Unguja, na nyumbani walizungumza Kiswahili zaidi kuliko Kiarabu. Kwa hilo Anjelina, mtu wa Hombolo, Dodoma, alijiona ana bahati kuliko wenzake aliokutana nao kanisani Ruwi siku za Ijumaa. Mkataba ulimpa likizo ya kwenda nyumbani kila baada ya miaka miwili. Miaka hiyo ilikuwa inatimia Septemba, na Septemba hiyo hiyo binti yake Penina alikuwa anapata kipaimara. Gauni jeupe lilikwisha kununuliwa.

Agosti, joto lilipozidi, Kheiria alisema wanakwenda nchi ya Georgia kupumzika, na Anjelina atafuatana nao kwa ajili ya watoto, Rawan na Jaifar. Akamnunulia koti zito, jipya. Anjelina alishukuru kwa dhati.

Walifikia nyumba ya wageni nje ya mji wa Telavi, katikati ya mashamba ya mizabibu. Huko watu wanaishi kwa mvinyo. Sinan alimwomba mwenye nyumba kwa ishara asiuweke mezani, na hakuuweka. Siku zilikwenda polepole. Mke na mume waliamka jua likiwa juu, wakanywa chai barazani wakitazama milima, wakatembea kidogo, wakalala tena. Anjelina aliamka alfajiri, kama Muscat. Rawan alitapika kila gari lilipokata kona. Jaifar alikataa mikate ya jibini, akataka wali, na wali ukapikwa.

Alasiri moja, wote wamelala, mwenye nyumba, mama wa makamo asiyejua Kiarabu wala Kiingereza, alimvutia Anjelina kiti akampa kishada cha zabibu. Anjelina akala taratibu. Mizabibu ilitambaa kwenye nyaya, nguzo kwa nguzo, kama shambani kwao Hombolo, ambako wakati ule mama yake na Penina walikuwa wanavuna. Kheiria alitoka nje, akamwona amekaa, akatabasamu, akarudi ndani.

Septemba ilipoingia, wamesharudi Muscat, Anjelina aliuliza habari ya tiketi yake.

"Likizo gani tena, Anjelina?" Kheiria alisema, wala si kwa ukali. "Si tushatoka sote kwenda Georgia?"

"Ile ilikuwa likizo yenu, mama. Mimi nilikuwa kazini."

"Kazini? Nimekuona kwa macho yangu umekaa unakula zabibu, roho imekutulia. Nikafurahi. Nyumba ngapi hapa zinamchukua mfanyakazi safari kama ile?"

Anjelina alieleza habari ya kipaimara. Kheiria alisikitika kweli, akasema mwakani, inshallah, watampeleka mapema. Sinan naye alisema hivyo hivyo. Kilichomuuma Anjelina zaidi ni kwamba Kheiria hakuwa anamdanganya. Aliamini kabisa kuwa amempa kitu kizuri. Angekuwa mkatili, ingekuwa rahisi kumchukia.

Rafiki yake Stefania alimshauri kanisani aende kushitaki. Anjelina aliogopa kurudishwa kwao moja kwa moja, na ada ya Penina ilitoka kwenye mshahara ule. Akanyamaza. Gauni akalipeleka kwa mtu aliyekuwa anasafiri kwenda Dar.

Jumapili ya kipaimara Kheiria alikuwa na wageni. Mazungumzo yalikuwa ya Georgia, hewa yake, utulivu wake. Anjelina alipoleta sambusa, Kheiria akamwita akae karibu.

"Hebu waambie, Anjelina. Kulikuwaje?"

"Kulikuwa kuzuri, mama," alisema.

Wageni wakamwambia ana bahati. Aliposhuka jikoni akapiga simu Hombolo. Mama yake alimsimulia: kanisa lilijaa, askofu alichelewa, gauni lilibana kidogo mabegani kwa sababu mtoto amekua. Shangazi yake Penina ndiye aliyesimama nyuma yake kama msimamizi. Anjelina akaomba kuzungumza na Penina.

Mama yake akasema mtoto amelala.

Ilikuwa saa kumi ya jioni, na nyuma ya sauti ya mama yake zilisikika ngoma na watu wakicheka. Anjelina akasema basi, asimwamshe.