Breki za Kushukia Sekenke

Mume wangu aliponiambia fundi anataka shilingi mia moja na themanini kwa breki tu, sikufikiria breki. Nilimfikiria yule mjane wa Puge.

Nieleze kwanza. Miaka ile baada ya vita, Mwingereza akiwa bado ndiye mwenye amri, tulikuwa na lori letu pale Tabora mjini, kuukuu, lililokuwa la jeshi. Udereva mume wangu aliujulia huko huko jeshini. Pesa za kulinunua zilitoka kwangu: bangili za fedha nilizoachiwa na mama, na akiba ya biashara yangu ya asali na nta. Kwa hiyo yeye alishika usukani, mimi nikashika sanduku la pesa, na ufunguo wake ulikaa kiunoni mwangu. Kila wiki alipakia chumvi na nguo kwenda Nzega, akipita Isikizya na Puge, akarudi na karanga na ngozi za kupeleka stesheni. Ilikuwa safari ya siku mbili. Tangu mwaka uliotangulia ikawa ya siku nne, na kila mara sababu ilikuwa pancha.

Mimi ni mwanamke mwenye wivu. Sijisifu wala sijuti, nasema tu ili ujue haya unaambiwa na nani. Nilikuwa nalionea wivu hata lile lori. Alilipangusa kioo kwa kitambaa safi, akaligongagonga boneti kwa mapenzi, wakati mimi ningeweza kuvaa kanga mpya doti nzima asiione. Basi niliposikia kwamba Puge yuko mjane anayewauzia madereva ugali na kuku, sikuhitaji kumwona. Nilimtengenezea sura mwenyewe. Nikampa meno meupe, kiuno chembamba na kicheko cha kuvuta watu barabarani, kisha nikamchukia mwaka mzima. Nilimsema moyoni nikipika, nikamsema nikifua.

Ndiyo maana bei ile iliponifikia nikaona nimemkamata.

"Mia na themanini?" nikamuuliza. "Unatengeneza breki au unanunua lori jingine?"

"Ndivyo alivyosema fundi, mama watoto," akajibu huku anakula, macho kwenye sahani. "Usiponiamini, kamuulize."

Aliyasema hayo kwa sababu alijua mke wa mjini, na baibui lake, haendi gereji. Nikamwambia nitakwenda. Akacheka. Mimi hesabu yangu ilikuwa tayari kichwani: fundi alisema themanini, na ile mia ni ya Puge.

Asubuhi, yeye alipotoka kwenda sokoni, nikafunga pesa kwenye pindo la kanga, nikavaa baibui, nikaenda. Fundi alikuwa mzee wa Kimanyema aliyejifunza kazi kwenye karakana ya reli, na gereji yake ilikuwa uwanja tu wenye paa la mabati nyuma ya stesheni. Lori letu lilikuwa juu ya magogo, magurudumu yametolewa. Nilifurahi kidogo kuliona limevuliwa vile.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Nimekuja kwa habari ya lori. Nasikia umetaja bei."

"Nimeitaja."

"Kiasi gani?"

Nikangojea aseme themanini.

"Mia na themanini," akasema. Hata kichwa hakuinua.

Nikaona basi wamekula njama. Wanaume wawili na spana, nani atawaweza? Nikamwambia majirani zetu wenye duka aliwatengenezea breki kwa shilingi sitini, tena mwezi uliopita, tena lori lao ni kubwa kuliko letu. Akasikiliza mpaka nikamaliza.

"Zile zilichakaa," akasema. "Hizi zenu zimeungua. Njoo uone."

Akanionyesha ngoma ya gurudumu, lile duara la chuma ambalo breki inalibana ndani. Chuma kilikuwa na rangi ya samawati na zambarau, kama mahali mtu alipogongwa siku tatu zilizopita. Kilikuwa kimepasuka nyufa nyembamba pande zote. Akachukua kile kipande kigumu kinachobana ngoma, akakivunja kwa vidole viwili tu, kikamwagika unga mweusi.

"Ngoma zote nne zimekufa," akasema. "Natafuta nyingine, nabandika vipande vipya, navishikiza kwa ribiti. Bei ni hiyo."

Sikukubali. Mimi nimezaliwa Unyamwezi na najua nchi yangu ilivyo. Nikaona hapa ndipo nitakapomnasa.

"Fundi, kutoka hapa mpaka Nzega ni tambarare tupu. Dereva anakanyaga breki akiona ng'ombe wanavuka. Breki za Nzega zinaunguaje?"

"Za Nzega zisingeungua," akanijibu, na alionekana kufurahi kwamba nimeuliza swali la maana. "Zingekaa miaka miwili. Ni ule mlima wa Sekenke, mwanangu. Unakula breki ule. Mtu anaushuka kila wiki, zitaacha kuungua?"

Sekenke iko mbali kupita Nzega, kupita Igunga, ukishavuka mbuga ya Wembere. Hapo barabara inapanda mlima mkali kwenda nchi ya juu ya Iramba. Hatukuwa na mteja huko. Hatukuwa na gunia hata moja la kupeleka huko.

Fundi aliuona uso wangu. Akachukua tambara, akaanza kujifuta mikono kidole kimoja kimoja.

Nikakaa juu ya tairi bovu, baibui langu na yote. Nilikuja kutafuta uongo kwenye ile bei, na laiti ningeupata! Uongo ningekwenda nao nyumbani nikagombana, yakaisha. Jambo la kwanza lililonijia kichwani linanitia aibu hadi leo: nilimsikitikia yule mjane wa Puge. Mwaka mzima nimemchukia bure mwanamke wa watu, hajui hili wala lile. Sasa ilinibidi nianze upya na mwingine, huko juu, ambaye hata sura ya kumpa sikuwa nayo. Wivu ulinipanda mpaka masikio yakavuma.

"Usizitengeneze," nikasema.

"Nini?"

"Breki. Rudisha magurudumu, liache vile vile. Liende Nzega tu. Tambarare haitaki breki za mia na themanini."

Mzee yule alinielewa. Alichuchumaa mbele yangu, akasema kwa sauti ya chini ili wapita njia wasisikie.

"Mwanangu, kupanda Sekenke hakutaki breki. Kunataka injini, na injini yenu ni nzima. Akitaka kwenda atakwenda na lori hili hili. Breki ni za kushuka. Na kushuka kule ndiko kurudi huku."

Nililia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Halafu nikafungua pindo. Fundi, kwa kunihurumia, akasema nitoe mia na sabini. Nikakataa. Mimi niliyefunga safari kwenda kubisha bei, nikamwambia sitaki breki za kuhurumiwa, aweke ngoma nzuri na apige ribiti zote. Nikampa mia na themanini kamili.

Nyumbani sikuitaja Sekenke kwa siku tano. Mume wangu aliuliza mara moja kama nilifika kwa fundi. Nikasema nimefika, bei ni ya kweli. Akanitazama, akaenda kunawa mikono.

Siku ya sita lori lilikuwa mlangoni, chumvi imepakiwa. Alikuwa ameshika hendeli ya kuwashia injini nilipotoka uani na unga mikononi.

"Ukifika huko juu, msalimie," nikamwambia. "Mwambie kupanda umepanda mwenyewe, lakini kushuka nimekulipia mimi."

Hendeli ikamning'inia mkononi. Akakaa kwenye ngazi ya lori, akainamisha kichwa, na palepale, majirani wakipita wakitusalimu, akaniambia kwamba amemwoa, ni mwaka na zaidi, na alishindwa namna ya kunieleza. Nikamuuliza ni mzuri? Akasema ni mtu wa kawaida. Jibu hilo liliniuma kuliko kama angesema ni mzuri.

Siku ile hakwenda. Alikwenda kesho yake. Nilimwombea mabaya mpaka Ijumaa, na Ijumaa nikaanza kusikiliza kila injini iliyotoka upande wa Isikizya. Siku ya nne alasiri nikalisikia lori letu likipunguza mwendo pale kona ya soko, breki zikashika taratibu, likasimama. Nikabandika maji yake ya kuoga. Kilichonikera jioni ile, kuliko huyo mwanamke na mlima wake, ni jinsi nilivyofurahi.