Nilitengeneza website ya nota za kwaya, wazee wa Chimala wakajifunza sauti ya akina mama

Kamwene wakuu,

Mimi ni mwinjilisti mstaafu huku Kilolo, na kwa miaka mingi nimekuwa mwalimu wa kwaya. Nasimulia mambo kama yalivyokuwa. Baadhi ya waliokuwepo wamo humu, nikiongeza chumvi watanisahihisha.

Mke wangu, mama Neema, alikuwa na uvimbe wa tezi shingoni. Akafanyiwa upasuaji, na Mungu akamponya.

Ila sauti haikurudi ile. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza, ya juu kabisa. Sasa imekuwa nzito, ina mikwaruzo, akijaribu kupanda inakatika.

Akaacha kuimba. Kanisani anafungua kitabu, anafuata maneno kwa macho tu. Hakulalamika hata siku moja. Lakini nyumba yetu asubuhi ilizoea nyimbo zake, na sasa nilikuwa nasikia sufuria tu.

Nikatunga wimbo wa ibada ya shukrani kwa ajili ya uponyaji wake, uimbwe na wanakwaya wetu wa zamani. Moyoni nilikuwa na ombi moja: siku hiyo naye aimbe, hata mstari mmoja.

Shida ni kwamba wanakwaya wametawanyika. Wengine wako Mbeya, wengine Chimala kwenye mpunga, wengine Iringa mjini. Mazoezi ya pamoja yangewezekana mara moja tu, siku moja kabla ya ibada. Na kwenye group la simu, nota ukituma asubuhi, mchana zimeshafunikwa na salamu na matangazo ya misiba.

Ndipo nikaamua kujifunza kutengeneza website.

Mtakumbuka niliuliza humu humu, mkuu mmoja akanijibu, "Mzee, anza na HTML, hizo framework achana nazo kwanza." Mungu akubariki popote ulipo. Kila siku nilikuwa nasali kidogo, nafungua laptop, nachukua somo moja, narudia mpaka linaingia. Chuo cha Biblia walitufundisha Kigiriki kwa njia hiyo hiyo. Na niseme ukweli, Kigiriki kina huruma kuliko CSS, ile lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa.

Kwa wasioimba kwaya: nota zetu ni zile za do re mi, herufi na nukta zilizopangwa kwenye mistari minne. Wa juu ni sauti ya kwanza, wa pili alto, wa tatu teno, wa nne besi. Alto ni ya akina mama, teno ni ya akina baba. Majina ya sauti hatuandiki. Mtu anahesabu mistari kutoka juu, anashika wake. Tumezoea hivyo tangu enzi za ubao.

Nikaandika wimbo wote, kwenye laptop ukakaa vizuri kabisa. Nikatuma link. Majibu yakaja: "Amina Mwalimu." "Tumepokea, tunaendelea vizuri."

Siku ya mazoezi tukakutana kwenye ukumbi wa kanisa Iringa mjini. Wa Iringa na Mbeya walikuwa wameprint stationery, wakaimba safi. Wakasimama akina baba wa Chimala, teno wangu wa kutegemewa, wakiongozwa na rafiki yangu Mzee Elia.

Wakaimba alto. Yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa kujiamini kabisa.

Nikawasimamisha. "Mzee Elia, hiyo si sauti ya akina mama?"

"Mwalimu, si ndivyo ulivyoandika?"

"Na hamkuona ajabu?"

"Tuliona. Tukasema Mwalimu siku hizi ana website, labda na teno zimebadilika."

Mama mmoja wa alto akadakia, "Waacheni tu, kesho waje na vitenge vyao." Ukumbi ukaanguka kwa kicheko.

Nikaomba simu ya Mzee Elia. Ndogo, kioo kimepasuka. Kumbe kwenye simu kama ile kila mstari ulikatika katikati, nusu yake ikashuka chini. Mistari minne ikawa minane. Wao wakahesabu kutoka juu, moja, mbili, tatu, wakaanza hapo, nota zilipoisha katikati ya maneno wakaendelea na mstari unaofuata. Kumbe miwili ya juu ni sauti ya kwanza, wa tatu na wa nne ni alto; walikuwa wameshika alto nzima.

Mimi sikucheka. Ibada kesho, nimepoteza teno. Nikainamia laptop, nikatafuta pa kurekebisha.

Huku nyuma wale wazee, kwa utani, wakaimba tena pamoja na akina mama. Akina mama juu, wao chini, kwa sauti zao za kiume. Nikasikia katikati yao kuna sauti nyingine, nzito, yenye mikwaruzo.

Nikainua kichwa. Mama Neema alikuwa amesimama karibu na chupa za chai, anaimba na wazee wa Chimala. Wimbo ukapanda, sauti yake haikukatika.

Walipomaliza akaniangalia. "Baba Neema, hapo ninafika."

Nikafunga laptop. Mzee Elia akasema, "Mwalimu, tafadhali usituhamishe."

Sikuwahamisha. Teno nikawaachia akina baba wa Mbeya, waliojifunza kwenye karatasi. Kesho yake mama Neema akasimama katikati ya wale wazee, akaimba wimbo wa shukrani yake mpaka mwisho. Mzee Elia alikuwa amevaa suti, na kitenge begani.

Baadaye nimejifunza flexbox, njia ya CSS ya kupanga vitu kwenye visanduku. Kila kipande cha wimbo nimekiweka kwenye kisanduku chake na sauti zote ndani, simu ikiwa ndogo kinashuka kisanduku kizima. Majina ya sauti sasa naandika. Na chini ya ile minne nimeongeza mstari wa tano, nimeuandika "Mama Neema na Chimala". Ninapoandika haya yuko jikoni, anauimba.

Nilichojifunza, wakuu: kazi yako ijaribu kwenye simu mbovu kuliko zote unazoweza kuazima. Na watu wanaokuheshimu sana hawatakuambia kwamba imeharibika.

Kwa hiyo nawaomba ninyi, wenye uzoefu na wasio nao, mseme chochote mnachokiona kwenye website hiyo. Ila msiniandikie amina tu.