Kimya Nje ya Chumba cha Mtihani

Watu wanaodhani kusoma kwa masafa ni kusoma kwa raha, nawasikiaga tu. Unasoma nyumbani kwako, wanasema, na chai pembeni. Mie nimesoma shahada ya ualimu huku nasonga ugali, na hiyo chai sijaiona. Mwaka mzima uko peke yako na vitabu vyako Kiwalani, ndege zinapita juu ya bati mpaka unasahau ulichosoma, halafu siku ya mtihani mnaitwa kituo cha mkoa, upande wa Temeke, na hapo ndipo unagundua kumbe mko wengi. Kuna polisi, kuna manesi wa Mwananyamala, kuna mzee wa Kihindi mwenye duka la vipuri, na kuna wanawake wanaonyonyesha kama nilivyokuwa mie.

Sie tunaonyonyesha tulikuwa na utaratibu wetu. Nyuma ya chumba cha mtihani lilifungwa turubai, na chini yake walikaa walezi, kila mmoja na mtoto aliyekabidhiwa. Mtoto akilia, mlezi anamsogeza dirishani. Humo ndani wenye watoto wote tunainua vichwa, maana kila mtu anaijua sauti ya wake. Mwenye mtoto ananyoosha mkono, msimamizi wa kike anamsindikiza nje, ananyonyesha, anarudi kuandika. Muda hauongezwi. Na geti halivukwi. Ukilivuka, karatasi yako inafungwa, tuonane mwakani.

Hiyo ilikuwa karatasi yangu ya mwisho kabisa. Nilishaiahirisha mara moja, mwaka tuliomzika mtoto wetu wa kwanza, na shuleni ninakofundisha walishachoka kusikia kwamba namaliza, namaliza. Safari hii nilijiapiza kwamba sitoki mle ndani mpaka nimalize.

Mlezi wangu alikuwa mama mkwe, aliyetoka Singida kwa kazi hiyo tu. Hatukuwa na ugomvi mie na yeye, lakini na mazungumzo hatukuwa nayo. Ni mtu wa maneno machache, na mie nina mdomo, kwa hiyo nyumbani nilikuwa naongea peke yangu kama redio. Asubuhi ile, tunaingia getini, nikamwambia, "Mama, akilia tu, mlete dirishani." Akanitazama, akasema, "Wewe kaandike." Nikajua tumeelewana.

Nilianza vizuri. Maswali niliyoyaogopa hayakuwepo, niliyoyasoma yalikuwepo, na kalamu ilikuwa inakwenda yenyewe. Akalia mtoto wa mwenzangu, mama yake akatoka, akarudi. Akalia mwingine. Kisha nikaisikia sauti ya wangu, mara moja, fupi. Nikaweka kalamu chini nisubiri aletwe.

Hakuletwa. Nje kukawa kimya.

Nikajiambia amebembelezwa amelala, andika wewe mwanamke. Nikaandika sentensi mbili, nikazisoma, hazikuwa na maana yoyote. Maziwa yakaanza kushuka, blauzi ikalowa upande mmoja, nikajua saa yake ya kunyonya imefika na imepita. Mtoto wangu hana adabu hiyo ya kukaa na njaa amenyamaza. Akichelewa kunyonya, mtaa mzima unajua.

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Yule wa kwanza alitutoka mchana, amelazwa chumbani, sisi tuko sebuleni tunapiga soga kwa sauti ya chini tusimwamshe. Hakulia. Tulisema amelala. Tangu siku hiyo mtoto akilia mie napumua, na akinyamaza namwekea mkono kifuani. Nikanyoosha mkono.

"Mbona hajalia?" msimamizi akaniuliza.

"Ndiyo maana," nikamwambia.

Viatu nilikuwa nimevivua chini ya meza, na huko huko vikabaki. Chini ya turubai nilikuta walezi wawili na watoto wao. Mama mkwe hakuwepo. Mkoba wake ulikuwepo kwenye benchi, na nepi za mwanangu zimekunjwa juu yake. Nikawauliza bibi yuko wapi. Mmoja akasema mtoto alianza kulia, bibi akamfunga mgongoni akaondoka naye, walidhani kaenda kumzungusha tu. Nikaazima simu ya msimamizi, nikapiga namba ya mama mkwe. Ikaita ndani ya mkoba.

Sijui niliufikiaje mlango wa geti. Mlinzi akasema ndiyo, bibi ametoka, tena kitambo, kaelekea kushoto, mtoto alikuwa analia sana. Msimamizi alikuwa nyuma yangu akihema. Akanishika mkono, akaniambia taratibu, "Sista, ukivuka hapo nafunga karatasi yako. Sheria siyo yangu."

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikavuka.

Ile barabara naijua, lakini siku ile kila nilichokiona kilikuwa kinataka kumuua mwanangu. Mtaro ulio wazi, nikachungulia. Bodaboda zinakatiza, nikawa natafuta kitenge cha mama mkwe chini ya matairi. Mama mkwe haujui mji, hajui hata jina la mtaa tunaokaa, na nikiulizwa kitenge chake ni cha rangi gani sikumbuki. Nikamuuliza fundi cherehani, hajaona. Nikamuuliza muuza chipsi, akanielekeza kwa mkono wenye mafuta, pale kwenye mashine ya kusaga. Mashine ilikuwa inanguruma kiasi kwamba hata mwenyewe sikujisikia nikiita.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni juu ya gunia, kitenge amekifungua, mtoto yuko mapajani. Na mtoto alikuwa mweupe. Uso mweupe, kope nyeupe, mdomo wazi, kichwa kimelegea upande. Mungu wangu, nilisema moyoni, na huyu. Nilimnyakua vibaya, kwa mkono mmoja, nikamtikisa, na unga ukanirukia machoni.

Akafungua macho, akapiga chafya, akaangua kilio kikubwa kuliko ile mashine.

Nikakaa chini, pale pale kwenye pumba, nikampa ziwa. Msagaji akazima mashine, akatoka nje kwa heshima. Ndipo nikapata sauti.

"Nani kakutuma huku? Mama, nani kakutuma? Si nilikwambia umlete dirishani?"

Hakukasirika. Alisema wanawe wote aliwalaza mashineni, kelele ile ndiyo dawa, mtoto akishindwa kuishinda analala. Na alipoanza kulia pale kituoni, aliwaza kwamba nikimsikia nitatoka, na nikitoka nitasahau niliyokuwa naandika. Kwa hiyo akamchukua mbali, mahali ambapo hata akipasuka sitamsikia.

"Nilitaka uandike ukiwa na amani," akasema.

Nilikuwa na maneno tayari, mengi na makali. Lakini yeye ndiye aliyemwosha yule wa kwanza siku ya mazishi, kwa sababu mie sikuweza kusimama. Nikayaacha.

"Mama, nimetoka," nikasema. "Nimevuka geti."

"Si utarudi?"

"Sirudi. Wamefunga. Mpaka mwakani."

Akanitazama, akatazama miguu yangu isiyo na viatu. Akaelewa polepole, na nikaona hofu ikihamia kwake, mwanamke yule ambaye sijawahi kumwona akiogopa kitu. Akachukua ncha ya khanga, akaitemea mate, akaanza kumfuta mtoto unga usoni. Akawa anafuta mahali pale pale, tena na tena.

"Mwakani utanileta tena?" akauliza, bila kuniangalia.

Kusema kweli nilikuwa nimewaza kumtafuta dada yangu awe mlezi. Nikamwambia nitamleta.

"Na akilia?"

"Alie, mama. Alie nimsikie."